Sambaza wa Mchesi

Mama alifika Dzaleka, kambi hii ya wakimbizi ya Malawi nilikomwita, akiwa na mwili wake wote. Siku aliposhuka kwenye gari nilimshika mabega, nikashukuru kwamba njia ndefu ile, kutoka Bukavu hadi hapa, haikumla. Nikamshonea gauni la kumkaribisha, kitenge cha bluu chenye maua, likamkaa vizuri hata wanawake wa jumba letu la maombi wakaniagizia la namna hiyo. Miezi michache baadaye gauni lile lilikuwa linamcheza mwilini. Nikalipunguza kiunoni. Halafu nikalipunguza tena, na safari hii ya pili nilishona huku nikilia, kwa sababu fundi hana haja ya mizani. Utepe wangu wa kupimia ulikuwa umeshaniambia kila kitu.

Hakuwa mgonjwa. Kwenye zahanati ya kambi walimpima damu, wakampima presha, wakamsikiliza kifua, wakasema mama huyu yuko salama, ale tu. Ale samaki, ale maharage, ale mayai akipata. Kusema ni kazi nyepesi. Mama alikuwa amegombana na chakula. Nsima, ugali wa huku, aliigusa kwa ncha za vidole akaiita uji ulioganda. Maharage yalimjaza tumbo upepo. Na kuhusu samaki, hapo ndipo ilipokuwa kesi yenyewe.

Lazima nieleze kwamba mama yangu aliuza sambaza. Sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu, warefu kama kidole, wanaong'aa kama sindano mpya. Kule Bukavu tuliwala wabichi wa kukaanga, tuliwala wakavu, tuliwala na bugali na pilipili mpaka midomo ikawaka. Ada zangu za shule zilitoka kwenye beseni lake. Nguo zangu zilinuka sambaza, daftari zangu zilinuka sambaza, na nilipokuwa msichana wa kujiona mrembo nilimwonea haya kwa hilo. Leo ningelipa ninuse harufu ile.

Hapa Dzaleka nako kuna samaki wadogo. Wanatoka Ziwa Malawi, wanauzwa wakavu kwenye vilima vidogo sokoni, na wenyeji wanawaita usipa. Lakini wanawake wetu walipowaona mara ya kwanza, macho yao yakiwa bado na njaa ya nyumbani, hawakuuliza jina. Wa Bukavu walisema, "Sambaza hawa." Wa Uvira na Fizi, watu wa Ziwa Tanganyika, walisema, "Ndagala hawa." Na ikawa hivyo. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Mimi mwenyewe nilikula usipa miaka mingi nikiwaita sambaza, na ulimi wangu ukasahau taratibu bila kunipa taarifa.

Ulimi wa Mama haukusahau. Jioni ile ya kwanza nilimpikia vizuri, na vitunguu na nyanya. Akatia mmoja mdomoni, akatafuna, akasimamisha taya.

"Hii haiko sambaza," akasema.

"Njo sambaza ya huku, Mama."

"Sambaza ya huku ni nini? Kama bantu banakuletea mwanaume mwingine, banasema njo bwana yako ya huku, we utamupokea?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisukuma sahani, akanawa mikono, na tangu hapo akawa ananusa kila sufuria yangu kama askari wa mpakani. Aliamini tumeungana, mimi na soko zima, kumdanganya kwa sababu ni mzee. Nilipombembeleza alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha: "Usijisumbue, mutoto yangu. Mi nitakula siku nitarudia kwetu."

Wote wawili tulijua kwamba siku hiyo haikuwa karibu. Nilianza kuamka alfajiri kusikiliza kama anapumua.

Mimi si mtu wa subira. Nikiona uzi umejifunga nakata, sifungui. Kwa hiyo nilimkaripia Mama, nikamlilia, nikamletea mchungaji, nikamletea shoga zake wa Bukavu wamchekeshe. Walimchekesha kweli, wakala chakula chake, wakaondoka. Yeye alibaki na chai.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni mwalimu mmoja wa Nsungwi, kule Lilongwe. Ni mwanamke wa Kimalawi, mnene, mwenye sauti ya kujaza darasa, na anafundisha biolojia sekondari. Nilikuwa namshonea sketi za kazini. Nikipata kibali cha kutoka kambini nilimpelekea kwake, nikapimisha, tukanywa chai, nikarudi. Tulizungumza Chichewa changu cha sokoni na Kiingereza chake cha polepole. Hapa ninaweka yote kwa Kiswahili.

Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti kumpimia pindo, pini mdomoni, akaniuliza Mama anaendeleaje. Nilitaka kusema salama. Badala yake pini zilinitoka mdomoni nikaanza kulia kwenye sketi mpya. Akanikalisha. Nikamwambia yote, hadi lile la mwanaume mwingine. Alicheka mpaka kiti kikalalamika, kisha akafuta macho, akaniita mama kwa Chichewa chake, akasema, "Amayi, mama yako ana haki. Usipa si samaki wenu. Hata kidogo."

Niliudhika. Nilimwambia wamefanana kama mapacha. Akaenda jikoni, akaleta usipa wachache kwenye bakuli la maji, akaleta na kioo cha kukuzia alichokuwa anakitumia darasani. Tukawaacha walainike. Wakati tunasubiri aliniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Ukiletewa vitambaa viwili vya rangi moja, utajuaje kipi ni pamba?"

"Ninachomoa uzi, nauchoma," nikamjibu. "Pamba inaacha majivu. Nailoni inayeyuka na kuwa kidonge."

"Rangi haikusaidii?"

"Rangi ni ya kumdanganya mteja."

"Basi," akasema, "na sisi watu wa biolojia tunachoma uzi."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Akanieleza kwamba zamani watu walipanga viumbe kwa kuvitazama tu, kama mtu anayepanga vifungo kwa rangi: vidogo vya fedha hapa, vikubwa vyeusi pale. Baadaye wakaona wanachanganya nasaba. Samaki wawili wanaweza kuishi maisha ya namna moja, ziwani juujuu, wakikimbizwa na wakubwa, na mwisho wakavaa nguo moja ya fedha bila kuwa ndugu. Ndiyo maana wataalamu hawatosheki na nguo. Wanahesabu miiba ya mapezi, wanatazama meno, wanapasua, siku hizi wanasoma hata damu, mpaka wajue nani alizaliwa na nani.

Aliniwekea usipa chini ya kioo. Ubavuni palikuwa na mstari mwembamba wa vitundu, ambao samaki wetu hana. Tumboni, akanipitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani: laini kabisa. Usipa, akasema, ni ndugu wa mpasa, yule samaki mkubwa wa Ziwa Malawi anayepanda mito. Nilimtazama yule samaki wa kidole ndani ya bakuli nikakataa kuamini. Akaniambia nisione haya, kwa sababu hata msomi aliyempa usipa jina la kitaalamu alimwona kama sisi. Aliandika ndani ya jina lenyewe kwamba samaki huyu anafanana na dagaa wa baharini. Lakini alipomweka kwenye ukoo, alimweka kwa wenzake wa kweli.

"Na wenu anaitwaje?"

"Sambaza."

"Hilo ni jina la soko. Ziwa gani?"

Nikamwambia Kivu. Akachukua simu yake, akavaa miwani, akatafuta samaki wa Ziwa Kivu. Nilimwona midomo ikisoma. Kisha akanionyesha maneno mawili ya Kilatini yaliyoandikwa kwa herufi za kulala: *Limnothrissa miodon*. Niliyasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikujua kwamba sambaza wa Mama, wa beseni, wa senti za ada, alikuwa na jina kubwa namna hiyo.

Nilimuuliza kwa nini maneno mawili. Akaniambia la kwanza ni la nyumba na la pili ni lake mwenyewe. Anayemweleza kiumbe mara ya kwanza kwa utaratibu ndiye anayempa jina, na yule samaki aliyetumiwa kumweleza anatunzwa kwenye chupa, ili kila atakayekuja aweze kulinganisha. Wasomi wakigundua baadaye kwamba alipangwa nyumba isiyo yake, wanamhamisha, na neno la kwanza linabadilika. Lile la pili anahama nalo. Samaki huyu huyu, akasema, aliwahi kuhamishwa nyumba namna hiyo, na *miodon* yake akaenda nayo.

"Na akihama ziwa?"

"Akihama ziwa habadilishwi kitu. Jina halina mpaka."

Hapo akarudi kwenye simu, akaanza kutabasamu peke yake. Nilidhani kuna mtu amemwandikia ujumbe. Kumbe alikuwa amekutana na jina lile lile mahali pengine.

"Amayi," akasema, "samaki wenu tunamla. Anauzwa Mchesi. Ni kapenta."

Kapenta! Nilikuwa nimepita mbele ya kapenta mara ngapi. Pale Mchesi, mtaa mwingine wa Lilongwe, kwenye vibanda vya biashara, wamerundikwa kwenye magunia, wadogo, wakavu, wenye chumvi. Nilikuwa najua, kama kila mtu wa kambini anavyojua, kwamba kapenta ni samaki wa Wazambia, hawatuhusu. Tulikuwa tumempokea mgeni tukamwita ndugu, na ndugu mwenyewe tulikuwa tunampita bila hata kumsalimia.

Mwalimu akanisimulia jinsi ilivyokuwa. Samaki huyu kwao hasa ni Ziwa Tanganyika, ambako watu wa Uvira wanamwita lumbu na kumchanganya na ndagala. Wataalamu waliwachukua wachanga kutoka huko, wakawamwaga Kivu. Wengine wakapelekwa mbali zaidi, kwenye bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Na wa Kariba hawakutulia. Wakapita kwenye mitambo ya umeme, wakateremka na mto Zambezi, wakafika Msumbiji wenyewe, bila kuitwa na mtu.

"Bila kibali," nikasema.

"Bila hata picha ndogo," akasema mwalimu, na tukacheka kama wasichana.

Alivua sketi yenye pini nusu, akavaa nguo zake, akanisindikiza Mchesi. Angeweza kunielekeza tu. Jumamosi yake, jua lile, miguu yake inayomsumbua, na bado alikuja, na nikitaka kutaja watu walionitendea wema katika nchi hii ninaanza na yeye. Tulipofika kwenye gunia la kwanza nilichukua samaki mmoja na kumpitisha kidole tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani, kama nilivyofundishwa. Tumbo likanikwaruza, kama la sambaza wa beseni la Mama. Lilikuwa na meno madogo ya msumeno, magamba makali yaliyopangana kwenye ukingo. Mwenye gunia alituuliza kama tunanunua au tunapapasa. Nilinunua wa kutosha, na mwalimu akabishana naye kwa Chichewa mpaka akaongeza konzi mbili.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na furaha na hofu. Hofu kwa sababu kapenta wale walikuwa wadogo kuliko sambaza wetu, mwalimu aliniambia kwamba wale wa Kariba hawakui sana. Mama angeniona nimemletea takataka nyingine. Nilisali kwa maneno machache. Nilimwambia Mungu kwamba kama ni Yeye aliyewaumba hawa wadudu wa majini, basi awape ladha yao ya zamani kwa saa moja tu.

Niliwaloweka, nikawaosha chumvi, nikawakaanga kikavu kwanza, kisha nikatia kitunguu na pilipili, bila nyanya, kama Mama alivyonifundisha zamani na mimi nikaacha kwa uvivu. Bugali nilisonga kwa unga wa muhogo niliouazima kwa jirani wa Fizi. Nikaweka mbele yake, nikakaa kwenye kigoda nikijifanya natafuta uzi.

Alinusa. Akainua mmoja, akamgeuza, akampitisha ukucha tumboni. Hakuna aliyemfundisha hilo leo, ni mkono wa kazi yake. Akatia mdomoni. Nilisubiri taya isimame, haikusimama.

"Umeitosha wapi?" akauliza.

"Mchesi."

"Iko batoto ya sambaza. Ju ya nini batu banaivua ikingali batoto?"

"Haiko batoto, Mama. Iko bakubwa. Imekulia mahali pagumu."

Hapo nilipaswa kunyamaza. Mama anakula, nyamaza. Lakini nilikuwa nimejaa elimu ya mchana mzima hadi kooni, nikaanza kumsimulia: jina la maneno mawili, bwawa la Kariba, mitambo ya umeme. Nikafika mahali pa Tanganyika. Nikasema, na sisi pale Kivu, Mama, sambaza hakuwa wetu tangu mwanzo. Alichukuliwa Tanganyika, akamwagwa tu.

Mkono wake ulisimama juu ya sahani. Nilikuwa nimemwondoa mama yangu nyumbani kwake, kwenye mtaa wake, kwenye kaburi la baba yangu, na sasa kwa mdomo wangu mrefu namwondolea hata samaki wake. Nilianza kusema kwamba pengine wataalamu wamekosea.

"Habakukosea," akasema Mama. "Mi nilikuwako."

Nikamtazama.

"Wakati nilikuwa mutoto, mu lac Kivu hakukuwa sambaza. Kulikuwa ile samaki ingine tu, kidogo sana. Nikiwa musichana mukubwa njo tukaanza kuiona. Bavuvi banaleta, batu banauliza, hii ni nini? Mi nikanunua, nikaileta nyumbani na furaha. Mama yangu akakatala. Anasema, samaki hii hatujue mama yake. Tukaipika, tukakula, yeye anatuangalia. Kila siku anatuangalia."

"Na alikuja kula?"

Mama alichukua samaki mwingine, akamla taratibu, na mwingine, na tonge la bugali. Nilimwona akimeza na nikahisi machozi, lakini sikutaka kumkatiza.

"Alikufa bila kuionja," akasema. "Sambaza njo ilikuza bana yake, ikabalipia masomo, ikajenga nyumba. Yeye hakuionja hata siku moja. Mi nilimucheka sana. Nilisema, angalia ule muzee wa kichwa nguvu."

Kwanza nilimuhurumia bibi yangu, ambaye sikumjua. Kisha nikamuhurumia Mama, na nikaona na yeye anajihurumia kidogo na kujicheka kidogo, yote pamoja, kama mtu aliyejiona kwenye kioo cha duka bila kutarajia. Nikawashukuru moyoni watu nisiowajua, waliokaa na chupa na vioo vyao wakampa samaki mdogo jina linalomfuata kokote. Bila wao, ningeendelea kumbishia mama yangu hadi nimzike.

Alimaliza sahani. Akafuta mafuta mikononi kwa kona ya kitenge, akaegemea ukuta.

"Kesho ulete na ile yao," akasema.

"Ipi, Mama?"

"Ile usipa. Lakini usinipikie kama sambaza. Uende uulize benyewe banaipikaka namna gani."